Abiria Ambaye Hajashuka

Jumatano nilipanda kwa kadi ya benki,
nikashuka kwa kadi ya basi.
Ndiyo hadithi nzima. Mengine ni makato.

Pochi yangu ya ngozi ya mbuzi imenenepa, si kwa noti:
kadi ya mshahara, kadi ya kikoba,
kadi ya basi yenye pembe iliyotafunwa na mwanangu,
na kitambulisho cha kazi ambacho nacho, sikujua,
kina kidomo chake.
Ukiibandika pochi nzima kwenye mashine
zote hujibu kwa mpigo, kama darasa la kwanza
mwalimu akiuliza nani hajala.
Mashine humchukua aliyewahi.

Ijumaa simu ikaniambia nimekatwa elfu nne na mia nane.
Nauli ya Nkuhungu hadi Mtumba siijui hivyo.
Nikapanga foleni penye dirisha la huduma,
upepo wa Julai ukitumwagia mchanga shingoni.

Bi. Mbeleje akavaa miwani, akasoma,
akaivua, akanitazama.
“Kaka Ndahani, kwa mujibu wa mfumo
wewe hujashuka tangu juzi.”
“Nimeshuka. Si huyu hapa?”
“Huyu wa hapa,” akagonga skrini kwa kalamu,
“alishuka bila kupanda.
Yule wa benki alipanda, hajashuka.
Kila mmoja katozwa faini yake.
Rudi Jumatatu.”

Alishuka bila kupanda!
Basi alizaliwa mlangoni mwa gari,
saa moja na dakika arobaini asubuhi,
ana tai, ana njaa,
akaenda zake masjala kugonga mihuri.
Na yule mwingine?

Jumamosi na Jumapili nilikuwa naye.
Nikila mlenda najiuliza kama yeye amekula.
Yuko kiti cha dirishani. Ihumwa inapita,
Ihumwa inarudi upande wa pili,
vilima vya mawe vinampa uso, vinampa kisogo,
madereva wanapokezana, taa za karakana zinazimwa,
naye kaketi na shati langu la Jumatano
akingoja mtu wa kuja kumgusishia atoke.
Nilimwonea huruma. Kisha, kusema kweli, wivu:
hana kikao saa tatu,
hana marejesho ya kikoba,
hajui usiku huu mtoto kakohoa mara ngapi.

Mke wangu Talwimba hakumwonea chochote.
Aliweka pindo la khanga mezani:
fundo la ada, fundo la mtaji wa zabibu,
na fundo dogo la msiba, lisilofunguliwa kwa kiu ya soda.
“Miaka tisa,” akasema. “Umewahi kusikia
fundo la msiba limelipa ada?”
Akaichukua kadi ya basi na sindano ya magunia.
Nikapiga kelele: ina waya ndani!
Akaiinua mbele ya tochi ya simu,
akauona waya ukizunguka kama njia ya mchwa,
akatoboa pale usipopita.
Sasa inaning'inia shingoni mwangu kwa uzi mwekundu,
kama ufunguo wa mtoto anayetangulia kufika nyumbani.
Wenzangu ofisini wamecheka wiki nzima.
Pochi iko mfuko wa nyuma, imenuna.

Jumatatu Bi. Mbeleje akabonyeza kitufe kimoja tu.
“Tayari. Nimemshusha.”
“Wapi?”
“Mfumo hauulizi wapi.”
Nusu ya pesa ikarudi hapo hapo;
iliyobaki, alisema, siku saba za kazi.

Siku saba zimepita, na nyingine saba.
Basi likikaribia Ihumwa nafuta vumbi kiooni kwa kiwiko,
natazama wanaosimama kando ya barabara,
mmoja mmoja, hasa wenye mashati ya bluu.
Nikimwona sijui nitamwambia nini.
Labda nimwulize tu
kama ile tai bado anaihitaji.